Wimbo na Fimbo

Wazazi wengi hutulalamikia juu ya nyimbo. Husema kwamba vijana wa siku hizi hawana haya, kwamba kucheza kwao kwamtia aibu hata mtu aliyekwisha kuona mengi, na kwamba maneno ya nyimbo zao hayasemeki mbele ya mkwe. Kisha, karibu kila mara, malalamiko hayo huishia katika ombi moja: Serikali na ipige marufuku. Hatuwalaumu wasemao hivyo. Sisi wenyewe tumepata kusema hivyo, tena kwa ukali. Lakini leo twataka kuuliza neno ambalo siku zile hatukuliuliza: je, ni nani aliye na haki ya kuuhukumu wimbo, na akiisha kuuhukumu, amepata nini?

Tukianza kuwataja waimbaji wa hapa kwetu tutagombana kabla ya kufika mbali, maana kila mmoja wetu anaye ampendaye na anaye amchukiaye. Basi twamwomba msomaji asafiri pamoja nasi mpaka Indonesia, nchi ambayo watu wake wameionja marufuku ya kila namna: ya wanasiasa, ya askari, ya watu wa dini, na hatimaye ile ya wafanyabiashara, ambayo haiandikwi popote.

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na watu wake wapita milioni 270. Kwa mtu wa pwani yetu si nchi ngeni kabisa. Wahadhrami wale wale waliotweka tanga kuja Lamu, Mombasa na Unguja, ndugu zao walitweka kwenda Jawa na Sumatra, na gambusi ikaenda nao. Huko mpaka leo yaitwa gambus. Mjini Surabaya alikuwako mpiga gambusi mashuhuri, Syech Albar. Mwanawe, Ahmad Albar, ndiye mwimbaji wa God Bless, bendi ya magitaa ya umeme iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo wazee wa wakati ule waliziba masikio walipoisikia. Baba na gambusi, mwana na gitaa la umeme, nyumba moja. Tena, kama vile taarabu yetu ilivyokopa kwa Wamisri na katika sinema za Kihindi, ndivyo muziki wa Kimalay wa Indonesia ulivyokopa huko huko, mpaka katika miaka ya 1970 ukapata jina jipya, dangdut, kwa kufuata mlio wa ngoma yake. Jina hilo lilikuwa la dhihaka. Wenye nyumba nzuri za Jakarta walilitumia kuucheka muziki wa watu wa vichochoroni.

Twautaja mchanganyiko huo mapema kwa sababu kosa la kwanza la mhukumu wa nyimbo huwa ni kuuliza: “Wimbo huu umetoka wapi?” Huko Indonesia swali hilo halina mwisho. Keroncong, muziki ambao Waindonesia wengi huuona kuwa wao hasa, ulitokana na vinanda vya Wareno. Ukitaka kuling'oa kila jambo lililokuja kwa jahazi, hutabakiwa na ngoma wala zumari.

Rais wa kwanza, Sukarno, aliuliza swali hilo kwa nguvu nyingi. Katika hotuba yake ya sikukuu ya uhuru, tarehe 17 Agosti 1959, aliwakemea vijana waliopenda muziki wa Kizungu, na muziki wenyewe akauita kwa mlio wa kuudhi, ngak-ngik-ngok. Yatupasa kumtendea haki. Alikuwa kiongozi wa taifa lililotawaliwa na Waholanzi kwa muda mrefu, akaogopa kwamba watu waliokwisha kuwafukuza mabwana wa zamani wangewarudisha kwa mlango wa nyuma, kwa santuri na picha za sinema. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Hata hapa kwetu ilikuwako: mwaka 1968 vijana wa TANU walipitisha azimio dhidi ya sketi fupi na mawigi, na mwaka 1969 muziki wa soul ukakatazwa Dar es Salaam. Watu waliofanya hayo waliipenda nchi yao.

Lakini tazama jinsi jambo lilivyokwenda. Walikuwako ndugu wa baba mmoja, wana wa Mzee Koeswoyo wa mji wa Tuban, waliojiita Koes Bersaudara, yaani Ndugu wa Koes. Walipiga magitaa na kuimba kwa sauti mbili tatu kwa kufuata mtindo wa Wamarekani na wa wale vijana wanne wa Liverpool. Mwishoni mwa Juni 1965 walialikwa kupiga muziki katika nyumba ya mtu mjini Jakarta, wakaimba nyimbo za The Beatles. Wakakamatwa. Walikaa katika gereza la Glodok miezi mitatu kwa kosa la kuimba, wakafunguliwa tarehe 29 Septemba 1965.

Je, gereza liliwafanya kuwa Waindonesia zaidi? Mwaka 1969 bendi yao iligeuka kuwa Koes Plus, na katika miaka iliyofuata ilitoa nyimbo nyingi mno. Iliimba kwa Kiindonesia na kwa Kijawa, ikapiga kwa mtindo wa Kimalay na wa keroncong, ikatoa nyimbo za Noeli na nyimbo za dini ya Kiislamu pia, na mfululizo mzima wa nyimbo kwa jina la Nusantara, yaani visiwa vyote vya nchi yao. Wimbo wao wa kuisifu ardhi na bahari ya Indonesia, uliotoka mwaka 1973, waimbwa mpaka leo na watoto ambao babu zao ndio waliokuwa vijana siku hizo. Mtu aweza kusema: “Ndiyo, gereza liliwafunza.” Sisi hatuoni hivyo. Twaona kwamba mapenzi ya nchi yalikuwamo ndani yao tangu mwanzo, ila yalikuwa yakijifunza kusema, na kama ilivyo desturi ya kila mwanafunzi, yalianza kwa kuiga.

Siku mbili tu baada ya ndugu hao kutoka gerezani, alfajiri ya tarehe 1 Oktoba 1965, majenerali sita na luteni mmoja waliuawa Jakarta, na nchi ikaingia katika giza. Chama cha Kikomunisti kilipewa lawama, na katika miezi iliyofuata watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni, au hata kupita, waliuawa. Katika msiba mkubwa namna hiyo, nani angekumbuka wimbo? Lakini wimbo mmoja ulikumbukwa.

Genjer ni mboga ya majini iotayo katika majaruba ya mpunga. Ni chakula cha maskini. Katika wilaya ya Banyuwangi, mwisho wa mashariki wa kisiwa cha Jawa, Muhammad Arief alitunga wimbo juu ya mboga hiyo mwaka 1942, wakati wa Wajapani, watu walipokuwa na njaa. Wimbo wasimulia jinsi mboga inavyochumwa, inavyopelekwa sokoni, inavyopikwa. Hakuna zaidi. Baadaye ulipendwa, waimbaji wakubwa wa Jakarta, Bing Slamet na Lilis Suryani, wakautia katika santuri, na wakomunisti nao wakaupenda na kuuimba katika mikutano yao. Majenerali walipouawa, ilienezwa habari kwamba wanawake wa chama waliuimba wimbo huo huku wakiwakatakata maiti. Ripoti ya madaktari walioichunguza miili ilionyesha kwamba haikukatwakatwa hivyo; walakini ripoti hiyo haikujulikana kwa watu mpaka miaka mingi ilipokwisha pita. Wimbo ukapigwa marufuku. Arief alikamatwa, asirudi tena nyumbani kwake.

Hapa ndipo twalazimika kusimama kidogo. Mara nyingi twaongea juu ya marufuku kana kwamba ni jambo dogo la adabu, kama kumwambia mtoto apunguze sauti ya redio. Sivyo. Wimbo hauwezi kujitetea. Hauna shahidi wa kuuletea. Ukisemwa kwamba ni mwovu, kila ausikiaye atausikia kwa uovu huo, na mwenye kuuimba huku akipepeta mchele wake atatazamwa kwa jicho la polisi. Toka mwaka 1984 watoto wa shule wa Indonesia walionyeshwa kila mwaka picha ya sinema iliyotengenezwa kwa amri ya serikali juu ya mauaji yale, na wimbo wa mboga ukiwa ndani yake kama wimbo wa wauaji. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1998, Rais Suharto alipokwisha kuondoka. Kizazi kizima kilikua kikiogopa mboga. Na katika miaka ya 2010 bado ilitokea watu kuitwa na polisi kwa sababu ya kuupiga.

Huyo Suharto na askari wake hawakuwa na ugomvi na magitaa. Kwao The Beatles walikaribishwa. Wao walimwogopa mtu mwingine kabisa.

Rhoma Irama, mwana wa Tasikmalaya aliyezaliwa mwaka 1946, ndiye aliyeuchukua muziki wa vichochoroni, ule wa dhihaka, akautia gitaa la umeme na kuufanya muziki wa taifa zima. Kundi lake la Soneta lilianza mwaka 1970. Alikuwa Mwislamu mwenye bidii, na nyimbo zake nyingi zilikuwa mahubiri: juu ya kamari, juu ya ulevi, juu ya kukesha bure, hata juu ya haki za binadamu. Mzazi gani angekataa nyimbo hizo? Serikali ilizikataa. Kwa kuwa Rhoma alikipigia kampeni chama cha Kiislamu cha upinzani katika uchaguzi wa mwaka 1977, televisheni ya taifa haikumwonyesha kwa miaka zaidi ya kumi. Kanda zake ziliuzwa kwa mamilioni vile vile, na sinema zake zilijaa. Aliyenyimwa kioo cha televisheni alisikika katika kila kibanda cha chai.

Sasa, msomaji angetazamia kwamba mtu huyo, aliyeionja fimbo, asingeishika kamwe. Mwaka 2003 alitokea katika televisheni mwimbaji wa kike kutoka Pasuruan, Jawa Mashariki, aitwaye Inul Daratista. Alikuwa amejulikana kwanza kwa sahani za VCD zilizonakiliwa na kuuzwa mitaani bila yeye kupata senti. Kucheza kwake, kwa kuzungusha kiuno kama keekee ya seremala, kuliwafurahisha mamilioni na kuwachukiza wengi. Rhoma Irama alimkemea hadharani, akamkataza kuimba nyimbo zake, na baadhi ya viongozi wa dini wakamwunga mkono. Aliyemtetea Inul alikuwa, kwa ajabu, sheikh mwenzao mkubwa: Abdurrahman Wahid, aliyekuwa Rais wa nchi na kabla ya hapo kiongozi wa Nahdlatul Ulama, chama cha Waislamu wengi kuliko vyote nchini humo.

Ni rahisi kumcheka Rhoma. Sisi hatumcheki. Mtu aliyetumia maisha yake kuutoa muziki katika dharau, akaupa heshima na maneno mema, akaona mbele ya macho yake ukirudishwa, kwa jinsi alivyoona yeye, kule kule ulikotoka. Ana haki ya kuumia. Alikuwa na haki ya kusema pia. Mzee asiyeweza kusema “jambo hili ni baya” ameacha kuwa mzee. Ugomvi wetu naye waanzia mahali pengine, pale neno lilipotaka kugeuka kuwa kufuli. Maana kusema kwamba jambo ni baya humwacha msikilizaji na kazi ya kupima. Kumfungia mlango humwondolea kazi hiyo, na mtu aliyeondolewa kazi ya kupima hawi mwema zaidi, huwa mvivu tu wa dhamiri. Kijana aliyeepuka wimbo mchafu kwa sababu haupatikani bado hajachagua lo lote.

Mabishano yale hayakuisha kwa Inul. Yaliingia Bungeni, na mwaka 2008 ikapitishwa sheria dhidi ya picha na maonyesho machafu, iliyotaja hata miondoko ya mwili. Watu wa Bali waliipinga kwa maandamano, kwa kuwa sanamu zao na ngoma zao za kale zingeweza kuhukumiwa kwa maneno yale yale. Na katika visiwa vya mashariki, ambako Wakristo ni wengi, wako waliopinga pia. Hapo liko swali ambalo wapenda marufuku hawapendi kulisikia: kipimo cha haya ni cha nani? Vazi la heshima la mama mmoja ni aibu kwa mama wa kisiwa cha pili. Hata katika nchi yetu, ngoma ambazo bibi zetu walizicheza unyagoni zisingepita mbele ya hakimu aliyelelewa katika nyumba ya kwanza ya mjini.

Lakini tusiwe wepesi. Yuko atakayetujibu: “Basi mwasema kila kitu kiachwe huru?” Hapana, na Indonesia yatufundisha hilo pia. Mwaka 1989 kilianza kituo cha kwanza cha televisheni cha watu binafsi, kisha vingine, na baada ya muda mfupi usiku wa Waindonesia ukajaa michezo ya mfululizo, sinetron, inayotengenezwa mbio mbio ili irushwe usiku ule ule. Mwandishi huandika asubuhi yatakayochezwa mchana. Mama mkwe mwovu, msichana maskini aliaye, tajiri apigaye kofi, ajali ya gari, kupoteza kumbukumbu. Kisha mwanzo tena. Hakuna askari aliyeamuru hayo. Yameamriwa na hesabu ya watazamaji, kwa kuwa matangazo ya sabuni hufuata hesabu hiyo. Mchezo usiotazamwa na wengi hukatwa hata kama ni mzuri, na hakuna anayeandika katika historia kwamba ulipigwa marufuku. Hiyo nayo ni fimbo, ila imepakwa rangi. Twakiri kwamba katika soko hilo hilo ulichipuka mwaka 1994 mchezo wa Si Doel, juu ya kijana wa Kibetawi aliyesoma huku babaye akiendesha gari bovu la abiria, na nchi nzima ikaupenda. Soko si shetani. Lakini halina macho ya kumtazama mtoto wako, wala halijiiti mlezi.

Kama mwenye fimbo si mlezi, na mwenye duka si mlezi, tumebakiwa na nani? Tumebakiwa na watu wawili: atengenezaye na asikilizaye.

Juu ya atengenezaye, twaona kwamba kazi njema ya serikali ya Sukarno haikuwa gereza la Glodok. Ilikuwa nyumba ya santuri ya Lokananta, iliyoanzishwa mjini Solo mwaka 1956, ambamo nyimbo za visiwa vingi zilihifadhiwa. Wakati wa michezo ya Asia iliyofanyika Jakarta mwaka 1962, wageni walizawadiwa santuri ya nyimbo za Indonesia iliyotoka humo. Nyumba hiyo ilizeeka, ikakaribia kusahauliwa, ikafunguliwa upya mwaka 2023. Orodha ya nyimbo alizozichukia Sukarno leo ni kichekesho. Santuri zile ni hazina. Na Usmar Ismail, baba wa sinema ya Indonesia, aliyetaka kutengeneza picha nzito juu ya vita vya uhuru, aliona haya kutengeneza mwaka 1956 picha nyepesi ya nyimbo na mapenzi juu ya mabinti watatu, Tiga Dara, kwa kuwa alihitaji fedha ya kulipa madeni. Watu walifurika. Picha ile ilisafishwa na kuonyeshwa tena mwaka 2016, miaka 60 baadaye, na ilichekesha kama mpya. Hata mtengenezaji mwenyewe hakuweza kuihukumu sawasawa kazi ya mikono yake.

Juu ya asikilizaye twasema na akina baba na akina mama wenzetu. Ni mara ngapi tumeulaani wimbo ambao hatukuusikiliza mpaka mwisho? Tunasikia ngoma kupitia ukutani, twapiga ukuta kwa ngumi. Mtoto ajua kwamba hatujui tulisemalo, na kwa hiyo neno letu halina uzito kwake, hata pale tunaposema kweli. Ni jambo la kuchosha kuketi na kijana na kuusikiliza wimbo wake wote, kisha kumwuliza mwimbaji ataka nini kwa msichana yule amwimbiaye, na kama ndivyo angependa dada yake aimbiwe. Fimbo ni nyepesi kuliko hayo. Lakini tumeona jioni moja ya namna hiyo ikifanya kazi ambayo miaka ya makemeo haikuifanya. Na mara nyingine, twakiri, tumeona mzazi akiinuka akiwa ameupenda wimbo.

Tarehe 17 Agosti 2022, katika Ikulu ya Merdeka mjini Jakarta, Waindonesia waliadhimisha miaka 77 ya uhuru wao. Mbele ya Rais Joko Widodo alisimama mvulana wa miaka 12, mwimbaji wa mitaani, akaimba kwa Kijawa wimbo wa dangdut ya Jawa Mashariki, ule mtindo wa mbio wa koplo ambao Inul alilaumiwa kwa kuucheza. Mawaziri waliinuka vitini, wakacheza wakiwa na mavazi yao ya sherehe. Ilikuwa ni siku ile ile ya mwaka ambayo Sukarno aliwakemea vijana kwa ajili ya ngak-ngik-ngok yao. Mvulana mwenyewe alitoka Banyuwangi, wilaya ya Muhammad Arief. Wimbo wa Arief haukuimbwa siku hiyo. Mboga yake yaendelea kuota katika majaruba ya huko, na akina mama huichuma asubuhi na kuipeleka sokoni kwa mafungu.